Muuguzi Mpya na Namba Zake

Ni saa saba za usiku katika wodi ya watoto ya hospitali ya wilaya. Muuguzi aliyemaliza masomo yake miezi miwili iliyopita yuko zamu pamoja na mwenzake mmoja tu. Mtoto wa miezi kumi amelazwa kwa nimonia kali. Daktari ameagiza apewe jentamisini, miligramu 7.5 kwa kila kilogramu ya uzito wake, mara moja kwa siku. Mizani imeonyesha kilogramu 8. Kichupa cha dawa kimeandikwa miligramu 80 katika mililita 2. Je, muuguzi avute mililita ngapi katika bomba la sindano?

Hesabu hii haikizidi kipimo cha kidato cha kwanza. Miligramu 7.5 mara kilogramu 8 ni miligramu 60. Ikiwa mililita 2 zina miligramu 80, kila mililita moja ina miligramu 40. Na 60 zikigawanywa kwa 40, jibu ni mililita 1.5. Hata hivyo, kosa la nukta darasani humpunguzia mwanafunzi alama, lakini kosa hilo hilo wodini laweza kumwondolea mtoto uwezo wa kusikia maisha yake yote. Jentamisini huua bakteria, ila ikizidi kiasi huweza kuharibu figo na sehemu ya ndani ya sikio, na aghalabu madhara ya sikio hayaponi.

Watu wengi hudhani kwamba uuguzi ni kazi ya huruma peke yake. Ni kweli kwamba asiye na huruma hawezi kazi hii. Lakini anayejiandaa kuwa muuguzi, na yule aliyeajiriwa juzi, hapana budi atambue kwamba sehemu kubwa ya huruma hiyo hutendwa kwa namba: kupima, kuhesabu, kuandika na kuhakikisha.

KUPIMA KABLA YA KUHESABU

Hesabu sahihi iliyojengwa juu ya kipimo cha kubahatisha haina faida. Mtoto anayekisiwa kuwa na kilogramu 12, kumbe ana 8, atapewa dawa mara moja na nusu ya kiasi kinachomfaa. Kwa hiyo uzito upimwe, na uandikwe mahali ambapo kila mwenye zamu atauona.

Baada ya kupata jibu, muuguzi ajiulize kama jibu lenyewe linaingia akilini. Lau muuguzi wa usiku ule angesoma 7.5 kama 75, angepata miligramu 600, yaani mililita 15. Ili kuzipata angelazimika kuvunja vichupa vinane kwa ajili ya mtoto mmoja mchanga. Vichupa vingi mezani ni ishara ya kusimama na kuanza hesabu upya, kwa kuwa watengenezaji wa dawa hufungasha kiasi ambacho kwa kawaida kinakaribiana na mahitaji ya mgonjwa mmoja.

Uangalifu huo huo unatakiwa katika dripu. Chukulia mililita 500 za maji ya dripu zinazotakiwa kuingia kwa saa 4, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 10,000, na dakika ni 240. Hivyo yapaswa kudondoka matone 42 kwa dakika. Lakini iko mipira mingine inayotoa matone madogo, 60 kwa kila mililita. Akitumia mpira huo na kuacha matone 42 kwa dakika, maji yaliyokusudiwa kuingia kwa saa 4 yatachukua karibu saa 12. Idadi ya matone huandikwa kwenye pakiti ya mpira. Kwa hiyo isomwe kabla pakiti haijatupwa.

DAKIKA NZIMA

Kipimo kimoja hakihitaji chombo kingine ila saa yenye mshale wa sekunde: kuhesabu pumzi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika ikiwa hajatimiza miezi 2; pumzi 50 au zaidi ikiwa ana miezi 2 hadi 11; na pumzi 40 au zaidi ikiwa ana mwaka 1 hadi miaka 5.

Wodi ikijaa, huja kishawishi cha kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Hapo ndipo hatari ilipo. Anayekosea pumzi 2 katika sekunde 15 amekosea pumzi 8 katika dakika. Mtoto wa miezi kumi mwenye pumzi 52 ataandikiwa 44, na nimonia itapita bila kutambuliwa. Zaidi ya hayo, watoto wadogo hawapumui kwa mwendo ulio sawa. Husita kidogo, kisha huharakisha. Kwa sababu hiyo pumzi zihesabiwe dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi.

CHATI HUTANGULIA KUSEMA

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi. Damu inapoanza kupungua, mwili hujitetea: mishipa hujibana na moyo huongeza mwendo. Kwa njia hiyo shinikizo la damu laweza kubaki karibu na kawaida kwa muda, hali mzazi yumo hatarini tayari. Aliyepimwa mara moja, akakutwa na mapigo 96 na shinikizo 110 kwa 70, huonekana hana neno. Lakini chati ikionyesha mapigo 84, kisha 96 baada ya robo saa, kisha 112, namba hizo tatu kwa pamoja zinasema jambo ambalo hakuna hata moja iliyoweza kulisema peke yake. Muuguzi asingoje shinikizo lianguke ndipo aite msaada.

Ndiyo maana kipimo huandikwa papo hapo, wala hakiwekwi kichwani hadi mwisho wa zamu. Na kipimo ambacho hakikuchukuliwa kiachwe wazi. Kuandika namba ya kubuni ili chati ipendeze ni kumdanganya mwenzako wa asubuhi, ambaye ataitegemea.

Jambo hili lina historia katika taaluma yenyewe. Florence Nightingale, mwuguzi Mwingereza aliyefika Scutari mwaka 1854 wakati wa Vita vya Crimea, hakuridhika na kuwahudumia majeruhi tu. Takwimu za vifo zilionyesha kwamba askari waliouawa na magonjwa yanayoweza kuzuilika walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Mwaka 1858 alizichora takwimu hizo kwa michoro ya rangi ili wakuu wa serikali wazielewe kwa kutazama, na akazitumia kudai usafi katika hospitali za jeshi.

NAMBA KATIKA LUGHA YETU

Muuguzi wa Afrika Mashariki ana tahadhari nyingine inayotokana na lugha. Katika simu yenye mkwaruzo, "sita" na "sitini", au "saba" na "sabini", hukaribiana sana. Agizo la simu liandikwe, kisha lisomwe tena kwa aliyelitoa, tarakimu kwa tarakimu: "sitini, yaani sita na sufuri."

Saa nazo zahitaji uangalifu. Katika chati nyingi saa mbili za usiku huandikwa 20:00, na anayeandika 2 tu humwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Mama anayeruhusiwa kwenda nyumbani naye huambiwa ampe mtoto dawa "kila baada ya saa sita", akaelewa kwamba ampe saa sita mchana na saa sita usiku. Hivyo dozi nne zikawa mbili. Ni bora atajiwe nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Kisha aombwe kuzitaja yeye mwenyewe kabla hajaondoka.

KUULIZA SI AIBU

Aliyehitimu karibuni huogopa kuonekana hajui. Hofu hiyo ndiyo adui yake wa kwanza. Kwa dawa za hatari na kwa watoto, muuguzi wa pili na ahesabu peke yake bila kuonyeshwa jibu la kwanza, kwa maana aliyekwisha kuonyeshwa jibu huelekea kulikubali. Majibu yakitofautiana, dawa isitolewe mpaka sababu ijulikane.

Kosa likitokea, liripotiwe mara moja, kwa sababu mgonjwa aliyezidishiwa dawa aweza kusaidiwa iwapo jambo linajulikana mapema. Hali kadhalika muuguzi aliyejichoma kwa sindano iliyotumika asinyamaze. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa chache, na zisianzwe baada ya saa 72 kupita.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Mwanafunzi anayeuliza uwiano na desimali vitamfaa nini aweza kupewa swali hili: mtoto ana kilogramu 12, dawa ni miligramu 7.5 kwa kilogramu. Kichupa kina miligramu 80 katika mililita 2. Darasa ligawanywe wawili wawili, kila mmoja ahesabu bila kumtazama mwenzake, kisha walinganishe. Jibu ni miligramu 90, yaani mililita 2.25. Wale ambao majibu yao hayakupatana watafute kosa liko wapi kabla mwalimu hajawaambia. Wakifanya hivyo watakuwa wamefanya yale yale waliyoyafanya wauguzi wawili wa zamu ya usiku, ambao kila mmoja alipata 1.5 kwa hesabu yake, wakamchoma mtoto sindano, kisha wakaandika katika chati: 01:20.