Bia Ileile, Mwili Mwingine

Mwanamke na mwanamume, kila mmoja ana kilo 60, wakinywa bia moja ya nusu lita kila mtu, damu ya mwanamke hubeba kilevi kingi kuliko ya mwenzake kwa karibu robo. Hesabu hiyo imejulikana tangu mwaka 1932, Erik Widmark wa Sweden alipochapisha kanuni yake ya kupima kilevi mwilini. Alkoholi hukaa kwenye maji, si kwenye mafuta. Maji ni karibu asilimia 60 ya mwili wa mwanamume. Wa mwanamke, wenye mafuta zaidi, una takriban asilimia 50 tu. Kwa hiyo kiasi kilekile cha pombe hukuta maji machache ya kukizimua. Kuna pia kimeng'enya cha tumboni kinachovunja sehemu ya alkoholi kabla haijafika kwenye damu, na baadhi ya tafiti zimekikuta kidogo kwa wanawake, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wake.

Yasiyo na ubishi ni madhara yenyewe. Ini la mwanamke huharibika kwa pombe kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi. Halafu kuna saratani ya matiti, jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mwili huigeuza alkoholi kuwa asetaldehaidi, sumu inayojeruhi chembe za urithi, na pombe hupandisha kiwango cha homoni ya estrojeni. Gramu 10 tu kwa siku, yaani nusu ya bia ile, huongeza hatari ya saratani hiyo kwa takriban asilimia 7. Mvinyo wa kistaarabu na gongo ya uchochoroni hazitofautiani hapa: kilevi ni kimoja.

Kwa mjamzito, alkoholi huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ini lake bado changa. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Kenneth Jones na David Smith, waliyapa jina madhara yake: ukuaji hafifu, sura yenye alama za pekee, ubongo ulioathirika maisha yote. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo kwa vizazi vingi, tatizo hili ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Akina mama wa mashamba hayo hawakuanzisha mfumo huo, na ni dhuluma kuwabebesha lawama peke yao.

Lawama ndiyo inayochelewesha tiba. Mwanamume akilewa huchekwa. Mwanamke huitwa malaya, hutishiwa kunyang'anywa watoto. Basi hunywea chumbani. Mama pima, muuza pombe wa mtaani anayeonja anachouza ili ada ya shule ipatikane, hana hata pa kujificha. Hufika hospitali wakati ambapo kila asubuhi mikono yake hutetemeka mpaka anywe tena. Huyo asiambiwe aache ghafla akiwa nyumbani: anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Anahitaji dawa na uangalizi wa daktari.

Wengi wangeweza kugunduliwa mapema zaidi, kliniki ya wajawazito, ambako tayari wanapimwa damu na uzito. Muuguzi anahitaji maswali matatu, bila kukunja uso: unakunywa mara ngapi, kiasi gani ukinywa, na ni mara ngapi unapitiliza?