Kuketi na Anayekaribia Kufa

Katika jimbo la Oregon, Marekani, iko sheria iliyoanza kutumika mwaka 1997. Mgonjwa, mtu mzima, ambaye madaktari wawili wamethibitisha kwamba hatapita miezi 6, aweza kuandikiwa dawa ya kukatisha uhai wake, naye hana budi kuinywa mwenyewe. Sisi hatuisifu sheria hiyo. Uhai ni wa Mungu. Lakini tuwatazame wale wanaojitolea kuketi na wagonjwa hao. Hawamshawishi mtu. Humweleza sheria, humweleza pia juu ya uuguzi wa kutuliza maumivu, na kwamba aweza kughairi hata saa ya mwisho. Na kweli, karibu theluthi moja ya walioandikiwa dawa hawakuinywa.

Taarifa za serikali ya huko zaonyesha kwamba wengi hawatangulizi maumivu, bali kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao. (Mzee wetu anayelishwa kwa kijiko, je, hasemi vivyo hivyo?) Rafiki za Ayubu walimfaa siku zile 7 walizoketi naye kimya, walipoanza kuhubiri, wakamchosha. Basi tumpelekeapo mgonjwa Ushirika Mtakatifu, tukae kwanza, tumwulize anaogopa nini.