Je, Uko Tayari Kufungua Duka?

Kila mwaka, mavuno yakisha kuuzwa, wako wakulima ambao hushika fedha mkononi na kusema, "Sasa nitafungua duka." Wazo hili si baya, kwa kuwa duka zuri huleta faida kwa mwenyewe na msaada kwa majirani. Lakini ukipita katika masoko yetu madogo utaona milango iliyotiwa kufuli zenye kutu, na ndani rafu tupu. Wengi wa wenye maduka hayo hawakuwa wavivu, na fedha za kuanzia walikuwa nazo. Walichokosa ni hesabu. Basi kabla hujauza ng'ombe wala kulipa kodi ya chumba cha duka, kaa chini na kalamu na daftari, ujiulize maswali haya.

1. Wajua faida ni kiasi gani?

Watu wengi hufikiri kwamba fedha zote zinazoingia dukani ni faida. Sivyo. Tutazame mfano wa unga wa mahindi. Robota moja lina pakiti 12 za kilo mbili mbili. Tuseme wanunua robota kwa Sh. 1,680, yaani Sh. 140 kila pakiti, nawe wauza pakiti kwa Sh. 150. Faida ni Sh. 10 kwa pakiti, au Sh. 120 kwa robota zima. Ikiwa kodi ya chumba ni Sh. 4,000 kwa mwezi, itakubidi uuze marobota 34 ili kulipa kodi tu. Bado hujalipa gari la kuleta mzigo, wala leseni, wala taa, wala hujapata shilingi moja ya kupeleka nyumbani.

Bila shaka utauza sukari, sabuni na mafuta pia, na kila kitu kina faida yake. Lakini njia ya kuhesabu ni ile ile. Nenda kwa mwuzaji wa jumla uandike bei zake, kisha uandike bei za maduka ya sokoni kwenu. Riziki yako itatoka katika tofauti ya bei hizo mbili. Na ikiwa yako maduka manne yanayouza vitu vile vile, jiulize kwa sababu gani watu watayapita hayo waje kwako.

2. Waweza kumkatalia ndugu yako?

Hapa ndipo maduka mengi hufa. Jirani aja jioni na kusema, "Niandikie pakiti moja, nitalipa mwisho wa mwezi." Asipolipa, umepoteza Sh. 140. Ili kuzirudisha, lazima uuze pakiti nyingine 14, tena kwa fedha taslimu, bila ya kupata faida yo yote. Majirani watano wakifanya hivyo, ni pakiti 70.

Na mdeni mkubwa kuliko wote huenda yumo nyumbani mwako. Mtoto achukua sukari, mama achukua sabuni, nawe wachukua noti ya nauli. Fedha za duka zakwisha, wala hakuna aliyeiba. Kumbuka kwamba fedha zilizomo sandukuni si zako mpaka umekwisha kutoa gharama zote. Jipangie mshahara mdogo, uuandike. Vitu vya kula nyumbani vilipiwe kama vinavyolipiwa na mteja mwingine. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa wajua moyoni kwamba huwezi kumwambia shemeji yako "hapana", basi bado hujawa tayari. Hiyo si aibu, na ni afadhali kujua sasa.

3. Mtaji utatoka wapi?

Tuseme una ng'ombe wa maziwa, nawe wataka kumwuza. Tuseme wauza lita 8 kila siku, kwa Sh. 45 kila lita. Hizo ni Sh. 360. Toa Sh. 200 za chakula na dawa, zabaki Sh. 160 kwa siku, yaani Sh. 4,800 kwa mwezi wa siku 30. Duka lisipokupa zaidi ya hizo, umebadilisha ng'ombe kwa taabu. Tena ng'ombe huzaa, rafu haizai.

Mtaji ulio bora ni akiba yako mwenyewe. Lakini usiutie wote katika bidhaa. Weka kando fedha za kulisha nyumba na kulipa kodi kwa miezi sita, kwa sababu duka jipya halijulikani kwa siku moja. Fedha za karo, mbegu na mbolea zisiguswe kabisa.

Juu ya kuweka shamba rehani, fikiri sana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba nyumba wanayokaa mume na mke haiwezi kuwekwa rehani bila ya kibali cha wote wawili. Shamba la kilimo nalo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi ya mahali penu. Usizione sheria hizi kuwa usumbufu. Duka likianguka bila deni, zimepotea bidhaa. Likianguka nalo shamba li katika rehani, watoto waweza kukosa mahali pa kulala.

4. Nani atakaa dukani?

Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, shamba litakutaka kutwa. Je, duka litafungwa? Mteja akikuta mlango umefungwa mara mbili, mara ya tatu hatakuja. Kwa hiyo shaurianeni nyumbani mapema, mjue nani atauza, nani atapalilia, na nani ataandika daftari kila jioni. Angalieni pia majira ya fedha. Baada ya mavuno watu hununua, lakini Januari wazazi hulipa karo na biashara hupungua.

5. Umehesabu gharama za sheria?

Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti, nayo ina muda wake. Hulipwa tena ukiisha. Mizani lazima iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri. Ukitaka kuuza mbegu za kupanda, wahitaji leseni ya KEPHIS. Dawa za wadudu nazo zina leseni yake mbali. Uliza bei zote hizi kabla ya kuanza, uziandike pamoja na kodi.

Jaribu kwanza kwa kidogo

Ukiisha kujibu maswali haya na bado moyo wako wataka biashara, usikimbilie kukodi chumba. Nunua bidhaa chache, lipa ushuru wa soko, uweke meza yako siku ya soko. Fanya hivyo kwa miezi mitatu. Kila jioni andika umenunua nini, umeuza nini, umekopesha nani. Mwisho wa miezi mitatu hesabu. Mtaji ukiwa umebaki mzima na faida iko juu yake, una dalili njema. Sasa waweza kutafuta chumba, hali umekwisha kupata wateja wanaokujua.

Mtaji ukiwa umepungua, daftari litakuonyesha mahali ulipovuja. Rekebisha, ujaribu tena, au rudi shambani kwa furaha. Utakuwa umepoteza kidogo tu, na asubuhi ng'ombe wako bado yumo bomani akingoja kukamuliwa.