Kinasa Sauti Kilichozaa Kufuli

Ikitajwa Uswisi watu wengi hukumbuka saa na mabenki. Sisi wa redio tunakumbuka sanduku la chuma liitwalo Nagra.

Muundaji wake, Stefan Kudelski, alizaliwa Warsaw mwaka 1929. Vita vilipoingia Polandi mwaka 1939, familia yake ilikimbia, ikapita Hungaria na Ufaransa, hatimaye ikatua Uswisi. Mwaka 1951, angali mwanafunzi mjini Lausanne, kijana huyo akaunda kinasa sauti cha kubebeka. Akakipa jina la Kipolandi, nagra, yaani "kitanasa". Utepe wake ulizungushwa na springi ya kujazwa kwa mkono, kama saa ya mezani.

Sifa kubwa ililetwa na Nagra III, mwishoni mwa miaka ya 1950. Hii ilitumia transista, na mota yake ilikwenda kwa betri bila kuyumba. Msidhani kutoyumba ni jambo dogo. Utepe ukinaswa kwa mwendo mmoja na kuchezwa kwa mwingine, mzee anayeheshimika atasikika kama mtoto. Kwenye sinema ni balaa zaidi, kwani midomo huenda huku, maneno kule. Dawa yake ilikuwa kamera kupeleka alama ya mwendo wake, nayo ikanaswa kwenye utepe uleule pamoja na sauti, ili baadaye picha na maneno vioanishwe. Wapiga sinema wakaweza kutoka studio wakaingia mitaani. Hollywood ilimtunuku Kudelski zaidi ya mara moja.

Lakini chombo kisichokufa kina ubaya wake kwa mwenye kiwanda: mteja harudi dukani. Kisha zikaja mashine za dijitali. Mwaka 1989 kampuni ilianza kuifanyia kazi Canal+ ya Ufaransa, safari hii si kunasa sauti bali kufunga picha za televisheni, asiyelipia aone chenga tupu. Mwaka 1991 mwanawe, André, akashika uongozi, na kufuli zikawa ndiyo riziki kubwa. Simlaumu, mishahara hailipwi kwa sifa.

Mwaka 2012 kazi ya sauti ilitengwa, ikawa kampuni ya peke yake. Mzee Kudelski alifariki Januari 2013. Jina la Nagra lilibaki pande zote mbili, kwa wanaonasa na kwa wanaofunga.