Saratani ya koo imetibiwa, je, kirusi cha HPV nacho kimeondoka?

Matibabu ya saratani ya koo si mchezo. Wiki 6 au 7 za mionzi, pengine na dawa za kemo juu yake, mdomo unakauka, chakula hakina ladha. Ukimaliza unataka kusikia neno moja tu: umepona. Lakini kwa wale ambao saratani yao ilitokana na HPV, linabaki swali jingine. Kirusi chenyewe je?

HPV ni kirusi kilekile cha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho wasichana wanachanjwa dhidi yake Tanzania na Kenya. Kwa ngono ya mdomo kinaweza kufika kooni. Wengi wanaokipata mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki, na miaka mingi baadaye kinaleta saratani kwenye mafindofindo au nyuma ya ulimi. Aina ya 16 ndiyo kinara.

Sasa, hakuna dawa ya kuua HPV. Ukiona mtu anauza ya "kusafisha virusi", weka hela yako mfukoni. Mionzi na kemo zinaua seli za saratani, na kwa kuwa kirusi kinaishi ndani ya seli hizo, kinaondoka nazo. Kwa hiyo kikiendelea kuonekana baada ya matibabu, huenda kuna seli za saratani zilizosalia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzao walilichunguza hili kwa wagonjwa 124, wakawapa maji ya kusukutua mdomo kisha wakayapima. Matokeo yalitoka 2015. Kabla ya matibabu, zaidi ya nusu walikutwa na HPV 16 mdomoni. Baada ya matibabu, ni watu 5 tu walioendelea kuwa nayo. Wote 5 saratani iliwarudia, na 3 wakafariki.

Habari njema ni kwamba wengi kirusi kilitoweka. Ila kutoweka mdomoni si cheti cha kupona: kati ya wale 119 wengine, 9 saratani iliwarudia pia.

Ndiyo maana wataalamu wakahamia kwenye damu, wakitafuta vipande vya vinasaba vya HPV vinavyomwagwa na uvimbe. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2020, ulifuatilia wagonjwa 115. Watu 87 damu yao ilikuwa safi muda wote, na hakuna hata mmoja aliyerudiwa na saratani. Waliopimwa mara mbili mfululizo na kukutwa na vipande hivyo walikuwa 16, na 15 kati yao ilirudi. Tatizo ni kwamba kipimo hiki hakijazagaa, na hakichukui nafasi ya daktari kukuangalia koo.

Na mwenza wako? Hofu hii inavunja nyumba kimyakimya. Utafiti uliopima wenza wa wagonjwa uliona HPV hatari mdomoni mwao haizidi ile ya watu wa kawaida. Tena kirusi huwa kiliingia miaka mingi nyuma, kwa hiyo usianze kumtafuta mchawi ndani ya ndoa.

Kama umemaliza matibabu, usiruke kliniki hata ukijisikia fiti, na sigara achana nayo. Ukiona uvimbe shingoni, maumivu ya kumeza au maumivu ya sikio la upande mmoja yasiyoisha, usisubiri tarehe ya kadi. Nenda.