CHUMBE: MATUMBAWE YANAYOLINDWA BILA BUNDUKI

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii ya watu wa pwani twaijua sote, lakini ni wachache kati yetu, wananchi wa Uganda, waliopata kuyafika maji ya bahari, kwa kuwa nchi yetu haina pwani. Askari wetu wengi waliiona Bahari ya Hindi kwa mara ya kwanza huko Mogadishu, tangu kikosi cha kwanza cha Uganda kilipotua Somalia mwezi Machi mwaka 2007. Nao waliitazama kwa juu ya magunia ya mchanga, kama mtu atazamavyo mlango ambao adui aweza kuingilia.

Sisi tunaoandika makala haya ni wawili, mume na mke. Mume alikuwa mmoja wa askari hao. Mke alibaki nyumbani na watoto, na kwa muda wote huo neno "bahari" kwake lilikuwa jina la kitu kilichomchukua mwenziwe. Basi tulipojaliwa kufika Unguja, mke alisema, "Baba watoto, bahari ile uliyoilinda mwaka mzima, leo nataka uingie ndani yake, nami nikiwa kando yako." Mume alicheka, lakini jibu hakuwa nalo. Hakujua kuogelea.

SAFARI YA KUTWA

Kisiwa tulichokichagua kinaitwa Chumbe. Kiko kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, umbali wa kilometa kumi na mbili hivi. Mashua yetu iling'oa nanga pwani ya Mbweni asubuhi, na kabla ya saa moja kutimia tulikuwa tumekwisha kanyaga mchanga wa kisiwa.

Chumbe ni kidogo. Urefu wake wapata kilometa moja, na chote ni jiwe la matumbawe ya kale lililoota msitu. Juu ya msitu umesimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 ili kuongoza meli. Chini ya mnara upo msikiti mdogo waliojengewa walinzi wa taa wa zamani, na nyumba yao ya kale imefanywa mahali pa kupokea wageni na kufundishia.

Wageni hawaruhusiwi kujaa kisiwani. Nyumba za kulala ni saba tu, na wageni wa kutwa kama sisi hupokewa nafasi ikiwapo. Kisiwa hakina chemchemi wala kisima. Maji ya mvua hukingwa juu ya mapaa na kuhifadhiwa katika matangi chini ya sakafu, taa huwaka kwa nguvu za jua, na vyoo havitumii maji hata kidogo, ili uchafu usije ukapenya katika jiwe na kuifikia bahari. Askari aliyepata kukaa katika kambi ya mbali, ambako kila kopo la maji huhesabiwa, hatahitaji kuelezwa zaidi.

SOMO LA KWANZA NI KUPUMUA

Kabla ya kuingia majini tuliketishwa chini tukafundishwa. Kila mmoja alipewa miwani ya kioo ifunikayo macho na pua, mrija wa kupumulia kwa mdomo, mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, na koti la kuelea kwa asiyejua kuogelea. Kisha tulisomewa masharti: usiguse tumbawe, usisimame juu yake, usiokote hata kombe moja. Kuzamia kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi kwa watalii. Mgeni huelea juu na kutazama chini, basi.

Dakika ya kwanza ilikuwa ya aibu kwa mume. Mtu aliyezoea kupumua kwa pua, akiziba pua na kuinamisha uso majini, mwili wake humwambia kwamba anakufa. Mume aliung'oa mrija, akanywa maji ya chumvi, akapapatika hata mapezi yakamwagia maji kiongozi wetu. Alikuwa ametembea chini ya risasi bila kutetereka, lakini hapa, katika maji yaliyomfika kifuani, moyo ulimwenda mbio.

Kiongozi hakucheka wala hakufoka. Alimshika mkono, akamwonyesha jinsi ya kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole, akangoja. Mke naye, aliyekwisha kuelea kama jani, alisema tu, "Taratibu, Baba watoto. Hakuna anayetufukuza." Mara ya tatu uso ulikaa majini, na pumzi ikatulia.

MJI ULIO CHINI YA MAJI

Tulichokiona twakiri kwamba hatukutazamia. Chini yetu ulitanda mji mzima. Palikuwa na matumbawe kama pembe za kulungu, mengine kama meza pana, mengine ya duara makubwa kuliko gurudumu la lori. Katikati yake walipita samaki wa kila rangi. Pono walikuwa wakiguguna mwamba kwa meno yao, na sauti ya kuguguna ilitufikia masikioni. Chewa mkubwa alijificha chini ya jiwe akitutazama kama mlinzi wa zamu. Taa mwenye madoa ya buluu alilala mchangani, mkia wake wenye mwiba ukiwa umenyooka.

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe, au ni mmea. Sivyo. Ni jamii ya wanyama wadogo mno, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri. Ndani ya miili yao wamekaribisha mwani usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Wanyama hao hujijengea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Tumbawe la duara huongezeka sentimita moja hivi kwa mwaka. Kwa hiyo lile tuliloliona, kubwa kuliko gurudumu la lori, lilianza kujengwa miaka mingi sana iliyopita.

Miamba ya namna hii haifiki hata asilimia moja ya sakafu ya bahari zote, lakini yakadiriwa kwamba robo ya aina za viumbe vya baharini huitegemea. Katika maji ya Chumbe peke yake wamehesabiwa samaki wa aina zaidi ya 400.

JINSI ULINZI ULIVYOANZA

Hapa ndipo penye habari ambayo tulitaka hasa kuwaletea ndugu zetu wa jeshi na polisi. Yapo maeneo mengi ya pwani ya Afrika Mashariki ambayo matumbawe yake yalivunjwa kwa nyavu za kukokota na kwa baruti. Mlipuko mmoja wa baruti huua samaki mkubwa pamoja na mtoto, mwenye kuliwa na asiyeliwa, na kubomoa kwa nukta moja kazi ya karne nzima. Kwa nini basi Chumbe ilisalimika?

Ilisalimika kwa sababu ya askari. Kisiwa kilikuwa ndani ya eneo la kijeshi, na katika pwani inayokielekea jeshi lilikuwa likifanya mazoezi ya kulenga shabaha. Tena, upande wake wa magharibi hupita njia ya meli ziendazo Dar es Salaam, na mashua ndogo zilikatazwa zisije zikaziba njia. Wavuvi wakakaa mbali. Askari wale walikuwa wakifanya kazi yao nyingine, wala hakuna aliyewaambia kwamba wanalinda samaki. Hata hivyo samaki walipata amani.

Lakini ulinzi wa namna hiyo una kasoro moja. Siku mazoezi yakihamishwa, siku amri ikibadilishwa, ulinzi nao umekwisha, kwa sababu mvuvi hajaelewa lolote ila kwamba huko kuna risasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bibi Sibylle Riedmiller, raia wa Ujerumani, aliyaona matumbawe ya Chumbe akashauri yawekewe ulinzi wa kudumu. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi kuwa hifadhi. Uendeshaji wake ulikabidhiwa kampuni isiyotafuta faida, na fedha za wageni ndizo zinazolipa mishahara ya walinzi na masomo ya watoto wa shule. Mwaka 2000 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, liliitunukia hifadhi hiyo nishani ya Global 500.

WALINZI WASIO NA SILAHA

Walinzi wa kwanza wa hifadhi walitafutwa miongoni mwa wavuvi wenyewe, kutoka vijiji vya jirani. Hawakupewa bunduki, wala hawana hadi leo. Silaha yao ni mashua, kitabu cha taarifa, na ulimi.

Mashua ya mvuvi ikiingia mpakani, mlinzi huiendea na kusalimia kama ilivyo ada ya pwani. Kisha hueleza: eneo hili ni dogo, samaki huzaa hapa, wakijaa, hawana budi kutoka nje ya mpaka, na huko nje ni kwako wewe. Mwenye kusema ni mtu aliyewahi kutupa wavu kama yeye, ajuaye njaa ya siku ya upepo mbaya. Baada ya hapo huandika katika kitabu: mashua ya namna gani, watu wangapi, zana gani, na walijibuje.

Liko jambo jingine. Mvuvi aliyeharibikiwa na mashua karibu na Chumbe, au aliyekumbwa na dhoruba, amepata kuokolewa na walinzi haohao. Ni vigumu mtu kuiba usiku katika nyumba ya aliyemtoa majini mchana. Kwa njia hiyo uvunjaji wa mipaka ulipungua mwaka hata mwaka.

Mume, aliyepata kulinda vizuizi vya barabarani kwa silaha, aliuliza maswali mengi kuhusu kazi hiyo. Mwisho alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia mkewe kwamba wajibu wa mlinzi yule ni mgumu kuliko ulivyokuwa wake, kwa maana yeye hana cha kuegemea ila heshima aliyojijengea.

ZIWA LETU NALO

Huenda msomaji akauliza: Chumbe yatuhusu nini sisi wa Uganda? Yatuhusu sana. Mwaka 2017 wanajeshi wetu walipewa kazi ya kukomesha uvuvi haramu katika Ziwa Viktoria. Sangara wasiofika inchi 20 walikuwa wakivuliwa na kuuzwa waziwazi, na nyavu zilizopigwa marufuku zilikuwa zimejaa katika mialo. Kazi hiyo ilisifiwa na walioona sangara wakubwa wakirudi. Ililalamikiwa pia, hata Bungeni, kwa niaba ya wavuvi waliochomewa mashua na waliosema kwamba walipigwa.

Hatusemi kwamba ziwa kubwa linaloguswa na nchi tatu laweza kulindwa kama kisiwa cha kilometa moja. Mhalifu mwenye silaha hashindwi kwa maamkizi. Tunasema hivi tu: yule mvuvi mwenye mtumbwi mmoja na watoto sita si adui. Akielewa kwa nini samaki mchanga aachwe, atakuwa jicho la askari usiku ambapo askari hayupo. Akichapwa bila kuelezwa, atangoja askari ageuke, kisha atarudi na wavu uleule.

ADUI ASIYEJALI DORIA

Yuko adui mmoja ambaye hata walinzi wa Chumbe hawawezi kumzuia. Ni joto. Maji ya bahari yakizidi joto la kawaida la kiangazi hata kwa digrii moja, na kukaa hivyo majuma kadhaa, tumbawe huutoa mwani wake na kubaki jeupe kama mfupa. Hali hiyo isipotengemaa mapema, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 na mwaka 2016 pwani ya Afrika Mashariki ilipata msiba huo, na mwezi Aprili mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba wimbi jingine lilikuwa limeenea duniani kote. Hata hivyo, mwamba uliolindwa dhidi ya nyavu na baruti una nafuu ya kuanza tena, kama askari aliyelishwa vizuri anavyoweza kupona jeraha lake.

Jioni tulirudi Mbweni. Mgongo wa mume ulikuwa umeungua kwa jua, kwa kuwa alikataa kutoka majini hata alipoitwa mara mbili. Mnara ulizidi kuwa mdogo nyuma yetu. Mke alimwuliza, "Sasa bahari ni nini kwako?" Mume alifikiri, kisha akasema kwamba mwaka mzima alikuwa ameilinda akitazama juu ya maji tu, wala hakupata kujua kwamba chini yake mna raia.

Ndugu askari, kila tunapopewa zamu, ziwani, msituni au mjini, na tuulize kwanza ni nani wanaoishi ndani ya kile tunachokilinda. Tukiwajua, kazi itakuwa nyepesi, na amani tutakayoiacha nyuma yetu itadumu hata sisi tukiwa tumekwisha ondoka.