Siku Tano Bila Habari za Jamaa

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku Watanzania walipopiga kura, ujumbe tuliowapelekea ndugu zetu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja ulibaki na tiki moja. Mwanzo tulidhani ni umeme. Jioni tukasikia kwamba ghasia zimezuka, kwamba watu wa Dar es Salaam wamepigwa marufuku kutoka nje kuanzia saa kumi na mbili, na kwamba intaneti imekatwa nchi nzima. Haikuanza kurejea hadi Jumatatu, tarehe 3 Novemba, siku aliyoapishwa Rais.

Kwa wengine hiyo yaweza kuwa habari ya nchi jirani. Kwa sisi watu wa Pwani, mpaka wa Lungalunga hupita katikati ya familia: binti ameolewa Pemba, ami yuko Tanga, mjukuu anasoma Dar es Salaam. Bibi mmoja wa mtaani kwetu ana kaka yake huko Tanga, aliyekuwa mgonjwa kitambo. Mzee huyo alifariki Alhamisi usiku, akazikwa Ijumaa baada ya Swala. Watoto wake waliandika habari ya msiba katika kundi la familia kama ilivyo desturi siku hizi, nazo hazikutoka. Simu ya kawaida walijaribu, haikushika. Jumatatu simu ya bibi ilipoanza kulia, ujumbe uliingia wote kwa pamoja, naye akausoma kwa mpangilio wake: kwanza kwamba hali si nzuri, kisha aombewe dua, kisha kwamba ametutoka. Wakati huo matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa.

Serikali zinazokata mtandao hutoa hoja ile ile, kwamba zazuia uvumi na uchochezi. Hoja hiyo hatuibezi. Uvumi huua, na Surat al-Hujurat, katika aya yake ya sita, yatuamrisha tuchunguze habari tunayoletewa tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Lakini kuchunguza kwataka njia ya kuchunguzia. Katika siku zile tano hesabu za waliokufa zilizagaa mitaani, na mtu aliyetaka kuuliza jamaa yake wa Mbagala au wa Mwanza yapi ni kweli hakuwa na pa kuulizia. Uvumi haukuhitaji intaneti ili kuenea. Aliyeihitaji ni yule aliyetaka kuukanusha.

Na kuna jambo zito zaidi. Watu waliuawa katika siku hizo, na hadi mtandao uliporudi idadi yao ilikuwa ikibishaniwa, upinzani ukitaja mamia na serikali ikikataa. Mtandao ulipofunguliwa, wenye simu walipata ujumbe wa kuwaonya wasisambaze picha za kuleta taharuki. Mzazi anayemtafuta mwanawe kwa picha afanyeje? Hapo ndipo haki ya kupashana habari inaposhikana na haki ya uhai, kwa kuwa dhuluma isiyoonwa ni nyepesi kutendwa na ni nzito kushitakiwa.

Mahakama nazo zimeanza kuliona hili. Mwezi wa Juni 2020, Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi iliamua kwamba Togo ilivunja uhuru wa kujieleza ilipokata intaneti wakati wa maandamano ya mwaka 2017. Sudan, baada ya mauaji ya waandamanaji ya tarehe 3 Juni 2019 mjini Khartoum, wakili mmoja alikwenda mahakamani peke yake na akashinda. Ajabu ni kwamba, kwa vile alishitaki kwa jina lake tu, kwanza alifunguliwa mtandao yeye pekee! Alirudi kuwadai wenzake, na mwezi wa Julai umma ukafunguliwa.

Nasi Kenya tusijione tumesalimika. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni, intaneti ilififia nchini. Makampuni yalisema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari, zile zile zinazotua hapa kwetu Mombasa. Wengi hawakuridhika na jibu hilo. Novemba ya mwaka huo Telegram ilizibwa kwa sababu ya mitihani ya kidato cha nne. Mei 2025, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuizuia serikali isikate mtandao. Kifungu cha 33 cha Katiba chatupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na cha 24 chasema haki haipunguzwi ila kwa sheria na kwa kiasi chenye sababu. Kumkatia kila mtu kwa ajili ya mchochezi mmoja hatuoni vipi kutaitwa kiasi.

Akina mama wanaouza mabuibui, vitambaa na mahamri kwa oda za simu waulize wagombea wao swali hili kabla ya Agosti 2027, na wadai jibu la wazi. Yule bibi wa mtaani kwetu hakungoja jibu. Amenunua daftari, amemwita mjukuu wake, na wameandika namba zote za jamaa wa Tanga na Pemba, pamoja na za majirani zao na za imamu wa msikiti wao.